Gari la 4x4 la zamani lililonyanyuliwa: uteremshe viungo, upandishe stelingi, au ushushe gari?

Gari la zamani lenye ekseli nzima mbele, yaani boriti moja inayounganisha tairi zote mbili, likishanyanyuliwa hupendeza kulitazama, lakini kuliendesha mara nyingi huwa shughuli nyingine. Usukani haurudi wenyewe baada ya kona. Barabara imenyooka, gari linatangatanga. Ukipita shimo, tairi zinageuka bila wewe kugusa kitu. Na kuna yale matetemeko yanayoanza ghafla kwenye kilomita 80 kwa saa, sehemu yote ya mbele ikirukaruka mpaka upunguze mwendo karibu na kusimama.

Mwenye gari akiuliza afanyeje, huambiwa mambo matatu. Mmoja anamwambia afunge mkono wa pitmani (ule unaotoka kwenye boksi la stelingi na kusukuma rodi) ulioteremshwa, na mabano ya kushusha viungo. Wa pili anamwambia apandishe stelingi yote ikae juu ya ekseli. Wa tatu anamwambia gari limenyanyuliwa kupita kiasi, alishushe. Wote watatu wana hoja, na kila mmoja amewahi kuona njia yake ikifanya kazi. Ulinganisho huu ni wa yule aliyekwama katikati yao.

Nazungumzia magari yenye ekseli nzima mbele: Land Cruiser 60, 70 na 80, Nissan Patrol Y60, Land Rover Defender, Jeep Cherokee XJ, na Hilux za zamani zenye springi za bapa mbele, yaani vile vyuma bapa vilivyopangwa tabaka. Magari ambayo kila tairi ya mbele inacheza peke yake yana hesabu yake nyingine, na mengi ya yaliyo hapa hayayahusu.

Vigezo vya kupimia

Njia zote tatu nitazipima kwa mambo manne.

La kwanza ni pembe. Gari linaponyanyuliwa, kinachoharibika hasa ni pembe tatu. Kuna kasta, yaani mlalo wa kingpini (mhimili ambao tairi hugeukia) kwenda nyuma ukitazama gari kwa ubavuni. Hiyo ndiyo inayorudisha usukani katikati na kulifanya gari lishike mstari. Kuna mlalo wa dragi linki, ile rodi inayotoka kwenye boksi la stelingi kwenda kwenye tairi. Na kwa magari ya springi za koili, zile za chuma kilichozungushwa, kuna mlalo wa rodi ya panhadi, inayozuia ekseli isisogee kushoto na kulia. Swali ni hili: njia hii inarekebisha ipi kati ya hizo, na ipi inaiacha ilivyo?

La pili ni mzigo mpya. Kila ukihamisha kiungo, nguvu inahamia mahali pengine. Inahamia wapi, na pale pameumbwa kuibeba?

La tatu ni kazi yenyewe: vifaa, ujuzi, muda, na kama unaweza kurudisha gari lilivyokuwa.

La nne ni tabia ya gari baada ya kazi, kwenye lami na kwenye mawe, kwa sababu kinachofaa huku si lazima kifae kule.

Kwanza ondoa ulegevu

Hakuna njia kati ya hizi itakayosaidia gari lenye viungo vilivyokwisha. Kipimo ni rahisi na hakihitaji jeki. Gari likae chini kwa tairi zake, injini ikiwa inawaka ili stelingi iwe na nguvu. Mtu mmoja azungushe usukani kidogo kulia na kushoto, kama robo ya mzunguko, bila kuacha. Wa pili aangalie chini akianzia kwenye boksi la stelingi, kiungo kimoja baada ya kingine, akiweka kidole pale vipande viwili vinapokutana. Kiungo kizima kinatembea pamoja. Kilichokwisha, upande mmoja unatangulia na wa pili unafuata kwa kuchelewa, na kidole kinalihisi pengo hilo hata pale jicho lisipoliona.

Tazama tairodi (rodi inayounganisha tairi mbili za mbele), boli jointi au beringi za kingpini, bushi za panhadi pande zote mbili, bushi za springi na shakeli (kiungo kinachoshika ncha ya springi kwenye chasisi), na chasisi yenyewe mahali boksi la stelingi limefungwa. Hapo pa mwisho wengi huparuka. Kwenye gari la miaka 30 lenye tairi kubwa, nyufa ndogo kuzunguka boliti za boksi ni jambo la kawaida, na rangi au tope huzificha. Safisha kwa brashi ya waya kabla ya kusema pako salama.

Matetemeko yale makali karibu kila mara hutokana na ulegevu, tairi zisizo na balansi, au vyote viwili. Ndiyo maana sikuiweka stelingi dampa, ile shokapu ndogo ya usukani, kwenye orodha ya njia. Dampa inapunguza mapigo yanayofika mikononi, na kwa tairi nzito ni kifaa kizuri. Ila ikifungwa ili kuficha matetemeko, inaficha kiungo kinachoendelea kuisha. Gari linalotulia kwa sababu ya dampa mpya peke yake bado ni bovu.

Tazama na rimu. Rimu zinazotokeza sana nje zinamwongezea dereva mateke ya usukani kila tairi ikigonga jiwe, na hakuna kazi ya stelingi itakayoyaondoa yote.

Hesabu moja ya kukaa nayo

Kabla ya kuingia kwenye njia zenyewe, chukua dragi linki ya milimita 900. Ikiwa imelala bapa, halafu ekseli ikapanda milimita 50 kwa sababu ya nundu, ncha yake inasogea pembeni kwa takriban milimita 1.4 tu. Sasa nyanyua gari mpaka ncha moja iwe chini ya nyingine kwa milimita 125. Nundu ileile ya milimita 50 sasa inaisogeza ncha kwa karibu milimita 5.6, mara nne ya mwanzo. Kwa mkono wa stelingi wa milimita 150, hizo ni zaidi ya nyuzi 2 za kugeuka kwa tairi, na wewe hukugusa usukani.

Kwenye springi za bapa, ekseli inapanda na kushuka karibu wima, kwa hiyo dragi linki bora ni ile iliyolala. Kwenye koili mambo ni tofauti kidogo. Rodi ya panhadi nayo inaisukuma ekseli pembeni inapopanda. Dragi linki na panhadi zikiwa sambamba na zenye urefu unaokaribiana, zote mbili zinachora tao moja na tairi haigeuki, hata kama zote zimeinama. Zikiachana mlalo, kila nundu inakuwa amri ya kugeuza tairi. Wanaonunua kipande kimoja bila mwenzake hukwama hapa.

Kasta nayo ina hesabu yake. Defender na Land Cruiser 80 zilitoka kiwandani na kasta ya nyuzi 3 hivi. Ekseli zao za mbele zimeshikwa na mikono miwili mirefu inayokwenda nyuma kwenye chasisi. Mkono wa mita 1, ncha yake ikishuka milimita 50, unageuka karibu nyuzi 3, na ekseli inageuka pamoja nao. Hivyo gari lililonyanyuliwa kwa springi peke yake linaweza kubaki na kasta karibu na sifuri. Usukani usiorudi umeanzia hapo.

Njia ya kwanza: kuteremsha viungo

Hapa gari linabaki juu, na ncha za viungo za upande wa chasisi zinashushwa zifuate ekseli. Mkono wa pitmani ulioteremshwa unashusha dragi linki. Bano la panhadi linashusha panhadi. Mabano ya mikono ya ekseli yanarudisha kasta.

Kuhusu pembe. Ikifanywa yote kwa pamoja, njia hii inarekebisha zote tatu. Ikifanywa nusu, inaharibu. Kosa linaloonekana zaidi ni mkono wa pitmani mpya kwenye gari la koili huku panhadi ikiachwa juu: dragi linki inakuwa bapa zaidi, macho yanafurahi, lakini imeachana na panhadi na gari linarukia pembeni kwenye nundu kuliko mwanzo. Kwenye springi za bapa, ambako kwa kawaida hakuna panhadi, mkono huo unaweza kufungwa peke yake na ukasaidia kweli.

Kasta ina njia ndogo zaidi ndani ya hii. Kuna bushi zenye tundu lililosogezwa pembeni, zinazorudisha nyuzi chache. Kuna bamba za kufunga mikono mahali papya kwenye ekseli. Kwa springi za bapa kuna kabari zinazowekwa kati ya springi na ekseli. Chagua za chuma, kwa sababu za alumini hupasuka na kusagika. Na kama gari lako lina shakeli ndefu mbele, jua kwamba shakeli ikiwa ncha ya mbele ya springi, kuirefusha kunapunguza kasta. Ikiwa ncha ya nyuma, kunaiongeza. Kila gari ulitazame lenyewe kabla ya kuamini maneno ya mwenye gari la aina nyingine.

Mzigo mpya. Mkono ulioteremshwa unasukuma kutoka chini zaidi, kwa hiyo shafti ya boksi la stelingi inapindwa kwa nguvu kubwa kuliko ilivyokusudiwa, na boksi linaivuta chasisi. Ndiyo maana nyufa zile za chasisi zinahitaji kukaguliwa kabla na baada. Mabano ya mikono yananing'inia chini ya chasisi na kupandisha nguvu ya kukunja kwenye boliti zake. Kwenye mawe ndiyo ya kwanza kugongwa.

Kazi. Ni ya spana kwa sehemu kubwa. Mkono wa pitmani unahitaji pula (kifaa cha kuung'olea) imara, na uweke alama kwenye meno ya shafti kabla ya kuutoa, la sivyo usukani utakaa upande. Kila kitu kinaweza kurudishwa. Jambo moja lisifanyike kamwe: kuupasha moto mkono wa zamani na kuukunja. Chuma hicho kimetengenezwa kwa ugumu maalumu, na moto unauondoa.

Tabia. Mikono ya ekseli iliyorudishwa karibu na mlalo inalainisha gari kwa namna inayosikika mara moja, kwa kuwa tairi haihitaji tena kusogea mbele ili ipande nundu. Upande wa pili, panhadi iliyoshushwa inashusha mahali ambapo mwili wa gari unageukia, wakati mwili wenyewe umepanda. Gari linalala zaidi kwenye kona.

Inamfaa nani? Aliyenyanyua kati ya milimita 50 na 100 hivi, anayeendesha lami nyingi na njia za vumbi, na asiyetaka kukata wala kuchomelea. Anayepanda mawe makubwa kila mara atayachukia mabano yake.

Njia ya pili: kupandisha stelingi juu ya ekseli

Hii ni kinyume chake. Badala ya kushusha ncha za juu, unapandisha ncha za chini. Mikono mipya inafungwa juu ya nako, kile kipande cha mwisho wa ekseli kinachozunguka na tairi. Dragi linki, na mara nyingi tairodi pia, zinahamia juu ya springi.

Katika magari ya zamani, Hilux zenye ekseli nzima ndizo zilizoipa njia hii umaarufu. Stelingi yake ya kiwandani inasukuma rodi kwenda mbele na nyuma, si kushoto na kulia, kwa hiyo kila springi inapojinyoosha na ekseli ikasogea mbele au nyuma, tairi zinageuka. Ukinyanyua, tatizo linakua. Dawa iliyozoeleka ni kufunga boksi la stelingi la Hilux za baadaye, zile za tairi za mbele zinazojitegemea, ambalo mkono wake unapiga kushoto na kulia, halafu dragi linki ndefu inavuka gari hadi kwenye nako ya upande wa pili.

Kuhusu pembe. Kwa dragi linki, hakuna njia inayofikia hii. Kwenye springi za bapa zilizonyanyuliwa sana, rodi inalala karibu bapa na ile hesabu ya milimita 5.6 inarudi kwenye moja na kitu. Kwenye koili sharti panhadi nayo ipandishwe upande wa ekseli, kwa kiasi kilekile. Kasta haiguswi kabisa. Itahitaji kabari, bushi au mabano kama kawaida. Kuna wanaokata ncha za ekseli na kuzigeuza ili kupata kasta bila kuinamisha pua ya difu, na kwa gari lililonyanyuliwa sana ndilo jibu safi zaidi, kwa kuwa mkao wa propela unabaki salama. Lakini kazi hiyo ni ya karakana yenye vipimo.

Mzigo mpya. Nguvu yote ya kugeuza tairi sasa inapita kwenye stadi (boliti zisizo na kichwa) zinazofunga mkono juu ya nako. Zikilegea kidogo tu, zinaanza kukatika. Zifungwe kwa nguvu iliyoelekezwa, zikaguliwe baada ya safari za mwanzo, kisha ziingizwe kwenye ratiba ya kila huduma. Boksi jipya nalo linahitaji chasisi iliyoimarishwa kwa mirija inayopita ndani kwa kila boliti. Kulifunga kwenye bati tupu la chasisi ni kukaribisha ufa. Na kwa kuwa sasa stelingi inasukuma kwa ubavu, bushi za springi na shakeli zilizolegea zitajionyesha: unageuza usukani, mwili unasogea kwanza, halafu tairi zinafuata.

Kazi. Hapa ndipo pazito. Kuna kuchomelea, kupima, na kuhakikisha kuwa springi zikibanwa mpaka mwisho, rodi haigongi springi, chasisi wala sampu ya injini. Kwa sababu hiyo, gari lililonyanyuliwa kidogo mara nyingi halina nafasi ya kutosha. Kwa kawaida njia hii huanza kuwa na maana kuanzia milimita 75 hadi 100. Pima nafasi hiyo kwa kuondoa springi au kulegeza tabaka zake na kuipandisha ekseli kwa jeki mpaka iguse raba ya kugotea, huku ukizungusha usukani pande zote. Kukadiria kwa macho hakutoshi. Tena, katika baadhi ya nchi mabadiliko ya namna hii yanahitaji kukaguliwa na mhandisi kabla gari halijarudi barabarani, na bima inaweza kuuliza.

Tabia. Kwenye mawe, tairodi iliyokuwa ikikunjwa chini sasa iko juu, salama. Panhadi iliyopandishwa upande wa ekseli inapandisha na mahali mwili unapogeukia, kwa hiyo gari linalala kidogo kuliko katika njia ya kwanza. Kwenye lami, likiwa limefungwa vizuri, linashika mstari kuliko lilivyotoka kiwandani. Likifungwa vibaya, ni hatari kuliko njia zote tatu.

Inamfaa mwenye gari la springi za bapa lililokwisha kunyanyuliwa sana, anayelitumia porini kwa dhati, na aliye na fundi anayejua kuchomelea sehemu zinazobeba uhai wa watu.

Njia ya tatu: kushusha gari na kufunga springi zinazolingana na mzigo

Wengi huiona hii kama kushindwa. Mimi naiheshimu sana, kwa sababu inaanza na swali ambalo njia nyingine hazilijibu: ulinyanyua ili upate nini?

Springi ndefu zinanyanyua mwili, chasisi na matangi. Difu hazinyanyui hata milimita moja. Difu inapandishwa na tairi peke yake, na tairi yenye kipenyo kilichoongezeka milimita 50 inaipandisha milimita 25. Kama ulichotaka ni nafasi ya tairi kubwa kidogo, mara nyingi kiasi cha milimita 40 hadi 50, pamoja na kupunguza kingo za bodi mahali tairi inaposugua, kinatosha.

Kuhusu pembe. Kwa kiasi hicho, dragi linki na panhadi zinabaki karibu na mlalo wa kiwandani na bado zinakwenda pamoja. Kasta inarudi kwa bushi au kabari. Panhadi ya kurekebishika inairudisha ekseli katikati, kwani kunyanyua huisogeza pembeni. Chukua panhadi ya milimita 900 ambayo ncha zake zilipishana kwa milimita 50. Ukinyanyua 75, ekseli inahama karibu milimita 7. Ukinyanyua 40 au 50, inahama karibu nusu ya hapo tu.

Mzigo mpya. Karibu haupo. Hilo ndilo jema lake kubwa. Boksi, chasisi na nako vinafanya kazi ile viliyoundiwa.

Kazi. Kila mwenye jeki imara, stendi na spana kubwa anaweza kuifanya, lakini ina mambo madogo yanayopuuzwa. Yubolti za zamani, zile boliti zenye umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli, zisirudishwe. Zinavutika zikikazwa mara ya kwanza, na mpya zikazwe tena baada ya kilomita mia chache. Boliti za bushi zikazwe gari likiwa chini kwa uzito wake, la sivyo bushi inabaki imejikunja na kupasuka mapema. Hosi za breki zifike mwisho wa kushuka kwa ekseli bila kuvutika.

Hapa nisimame kidogo kwenye shokapu, maana ndizo zinazoamua kama springi mpya zitaonekana nzuri au mbaya. Watu huchagua shokapu kwa ugumu. Kipimo cha kwanza ni urefu. Pima umbali kati ya maungio yake ekseli ikiwa imegota raba, kisha ikiwa imening'inia mwisho. Shokapu iliyobanwa kabisa iwe fupi kuliko kipimo cha kwanza, na iliyovutwa kabisa iwe ndefu kuliko cha pili, au kitu kingine kizuie kabla yake. Ikigota kabla ya raba, kila shimo linapiga ndani yake mpaka inavuja. Ikifika mwisho kabla ya springi, inageuka kamba ya kuishika ekseli, na maungio yake yanakatika. Ugumu unafuata uzito halisi wa gari: springi zilizotengenezwa kwa gari lenye winchi, bampa la chuma na mzigo nyuma, zikifungwa kwenye gari tupu, zinafanya tairi za mbele zirukeruke kwenye barabara ya vumbi yenye matuta ya mfululizo, na tairi iliyo hewani haishiki mstari hata stelingi iwe nzuri kiasi gani. Wengi hulaumu stelingi kwa kosa la springi.

Tabia. Gari la utulivu, la kona, la safari ndefu na la breki nzuri zaidi. Unachopoteza ni nafasi ya tumbo juu ya mawe na pembe ya kupandia vizingiti.

Inamfaa anayeendesha kila siku, anayebeba familia au mzigo wa safari ndefu, na aliyenunua gari ambalo mwenzake alilinyanyua kwa sababu asizozijua.

Kuamua kwa hali yako

Kama gari lako ni la koili, limenyanyuliwa milimita 50, na shida ni usukani usiorudi, usinunue chochote cha dragi linki. Pima kasta kwanza, kwenye karakana ya alaimenti, na uombe karatasi ya vipimo. Ikiwa chini ya nyuzi 2, bushi au bamba za kasta huenda zikamaliza kazi.

Kama ni la koili na limenyanyuliwa milimita 75 hadi 100, na unaendesha zaidi barabarani, njia ya kwanza ni ya busara ilimradi ukubali kuifunga yote: mikono, panhadi na pitmani, kisha simama mbele ya gari uhakikishe dragi linki na panhadi zimeinama sawa. Ukiwa na uwezo wa kununua kipande kimoja tu kwa sasa, nunua cha kasta na uache viwili hivyo vikiwa jozi kama vilivyo.

Kama ni Hilux ya zamani au Land Cruiser ya springi za bapa, imenyanyuliwa sana, na safari zako ni mawe na makorongo, njia ya pili ndiyo itakayokupa amani, na thamani yake iko kwenye ubora wa fundi kuliko ubora wa kifurushi cha vipuri. Kama fundi huyo humpati, usiianze.

Kama gari linabeba mzigo wa safari, hema juu ya paa, maji na mafuta ya akiba, anza na njia ya tatu hata kama unafikiri unahitaji nyingine. Uzito juu ya paa na gari lililo juu ni vitu viwili vinavyosukuma upande mmoja kwenye kona.

Kama shida yako ni matetemeko ya kilomita 80, bado hujafika kwenye kuchagua. Rudi kwenye ule ukaguzi wa watu wawili, balansi tairi, pima alaimenti, badilisha bushi za panhadi zilizokwisha, kisha liendeshe tena ndipo uamue.

Na kama ulilinunua likiwa limeshanyanyuliwa, hujui kwa kiasi gani wala kwa vipuri gani, tafuta vipimo vya kiwandani vya urefu kutoka katikati ya tairi hadi ukingo wa bodi, pima lako, uandike tofauti ya kila kona. Kona mbili za mbele zikipishana kwa zaidi ya sentimita moja, springi moja imechoka au imefungwa isiyo yake, na hiyo ndiyo kazi ya kuanza nayo.